Uzi wa safari ya wolai, Lake of the Woods: tunapanga mwisho wa Agosti

Mrambazaji

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioko Minnesota, Dakota na majirani. Kila anayeonja minofu ya samaki aitwaye wolai nyumbani kwangu husema safari ijayo nimwite. Basi naita. Naanzisha uzi huu mapema, nyumba za kupanga na manahodha wakiwa bado hawajajaa, ili asije mtu kusema hakuambiwa.

Tunakwenda Baudette, mpakani kabisa na Kanada, pale mto Rainy unapokaribia kuingia Lake of the Woods. Ziwa hili wamegawana Minnesota, Ontario na Manitoba. Lina visiwa zaidi ya 14,000, ila karibu vyote viko upande wa kaskazini. Huku kusini kwetu ni maji matupu, upeo wa macho na usione ng'ambo. Wanapaita Big Traverse. Chini ni tope na mchanga, na kina chake kirefu ni futi thelathini na kitu, yaani pima tano hadi sita. Hapo ndipo wolai wanapokaa majira ya joto yakielekea ukingoni.

Kwa mgeni: wolai, utakayemkuta kwenye kitabu cha kanuni kwa jina la walleye, ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965. Ana jicho kubwa lenye tabaka nyuma yake linalorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika tochi jicho linang'aa. Jicho hilo ndilo silaha yake. Kwenye giza hafifu yeye anaona vizuri na dagaa anayewindwa haoni. Kwa hiyo kwenye maziwa yenye maji maangavu utamvua alfajiri na magharibi, mchana utakaa bure. Lake of the Woods ni tofauti, maji yake yana rangi ya chai, na upepo ukiyatikisa mwanga haushuki sana. Unaweza kumvua saa saba mchana, jua la utosi. Hii ni sababu mojawapo ya kuipenda safari hii kwa watu wenye watoto.

Sasa jambo ninaloomba mlishike kuliko yote. Watu wetu wengi wanakwenda kaskazini wakiwa na picha ya mwezi Mei kichwani: samaki yuko karibu na ufuko, unatia nanga, unashusha chambo, unasubiri. Mwisho wa Agosti hayuko huko. Ameshaondoka pembezoni, yuko katikati ya bonde kwenye futi 28 mpaka 34, ametawanyika juu ya tope akifuata makundi ya samaki wadogo. Leo yuko hapa, kesho amesogea maili mbili. Wa namna hiyo hasubiriwi, anatafutwa, na njia ya kumtafuta ni kurambaza: boti inakwenda taratibu, mishipi inafuata nyuma, macho kwenye mashine ya kupima kina.

Na kwa kuwa yuko mbali na nchi kavu, upepo ndio utakaoamua safari yetu, kuliko mwezi, kuliko chambo, kuliko ufundi wa yeyote kati yetu. Bonde hili ni pana na kina chake si kikubwa. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma saa mbili tatu, mawimbi yanasimama wima na kufuatana karibu karibu, hayakupi nafasi ya kugeuza boti ndogo. Boti ya futi 16 haina kazi huko siku kama hiyo. Kwa hiyo napendekeza siku ya kwanza tukodi nahodha mwenye boti kubwa. Anabeba abiria hadi sita, anakuja na mishipi na chambo, analijua ziwa, na tunagawana gharama. Wenye boti zao watatumia siku ya pili, hali ikiruhusu. Na tuweke siku moja ya ziada, maana ukipanga siku mbili tu na upepo ukachukua moja, umebaki na nusu safari.

Tarehe ninayofikiria ni wiki ya pili ya Septemba, baada ya Labor Day, ile sikukuu ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Watu wamepungua, bei za nyumba zimeshuka, maji yameanza kupoa na samaki anaanza kula kwa bidii. Karibuni mseme.

MamaZawadi

Kaka Mrambazaji, asante kwa uzi. Ila hiyo Septemba umetuacha sisi wenye watoto. Shule nyingi hapa zinafunguliwa Jumanne baada ya Labor Day. Mimi siwezi kumtoa mtoto darasani wiki ya kwanza kwa ajili ya samaki. Kama ni safari ya familia iwe Agosti.

Kisumu_Damu

Naunga mkono mama. Na ile wikendi yenyewe ya Labor Day msiiguse, kila mtu wa Minnesota ako kaskazini na lodge zinajaa. Wikendi ya kabla yake ndiyo poa.

Swali langu: mbona twende mbali hivyo? Baudette ni karibu saa tano kutoka Minneapolis. Mille Lacs iko hapo tu, chini ya saa mbili.

Mrambazaji

Mama Zawadi, umenishinda kwa haki. Tuhamishie wiki ya mwisho ya Agosti, Alhamisi hadi Jumapili, kabla ya ile ya Labor Day. Tofauti mjue: Septemba ikisonga, wale samaki wadogo wa fedha huanza kuelekea mdomo wa mto Rainy na wolai huwafuata, ukawapata hata Four Mile Bay na kwenye mlango wa maji wanaouita Lighthouse Gap, mahali penye kinga ya upepo. Agosti bado ni katikati ya ziwa. Ndiyo maana suala la nahodha linazidi kuwa la lazima.

Kisumu, Mille Lacs ni ziwa zuri na mimi huenda. Ila kule kanuni za wolai zimekuwa kali kwa miaka mingi na hubadilika hata msimu ukiwa katikati, kwa sababu jimbo na makabila manane ya Waojibwe, wenyeji asilia wa huku, wanagawana mgao mmoja chini ya mkataba wa 1837, haki ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha 1999. Ukipeleka watu kumi wanaotaka kurudi na samaki, unaweza kuwavunja moyo. Lake of the Woods una uhakika zaidi wa kupika.

Bukavu_Kwetu

Salamu bandugu. Niko Fargo, North Dakota. Niko na maswali mawili. Leseni yangu itakuwa ya aina gani? Na la pili, mimi karatasi zangu za ukimbizi bado ziko kortini. Nikiwa kule mpakani, nikijikuta upande wa Kanada bila kujua, itakuwaje?

Mrambazaji

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo wengi wanalo na wanaogopa kuliuliza. Naomba kila mtu asome hapa.

Leseni kwanza. Kuanzia miaka 16 kila mtu awe nayo. Ukiwa umeishi Minnesota siku 60 au zaidi unakata ya mkazi. Wewe wa Fargo utakata ya asiye mkazi, na zipo za muda mfupi: saa 24, saa 72 na siku saba. Ya saa 72 inatosha safari yetu. Inanunuliwa kwenye tovuti ya idara ya maliasili ya Minnesota, usisubiri kufika dukani. Mtoto wa chini ya miaka 16 asiye mkazi anavua bila leseni ilimradi mzazi aliye naye anayo.

Karatasi. Mpaka unapita majini, hauna ukuta wala uzi. Ramani ya kwenye mashine ya boti inauonyesha, na nahodha wa Baudette anaweza kuvua upande wa Minnesota siku nzima bila kuukaribia. Tutamwambia hivyo tangu siku ya kumpangisha: hatuvuki. Hata mwenye pasipoti ya Marekani, akivua maji ya Ontario anahitaji leseni ya Ontario, kwa hiyo kubaki huku ni faida ya wote. Mtu akikushawishi mwende Northwest Angle kwa gari, kataa. Ile ni ardhi ya Minnesota, lakini barabara yake inapita Manitoba, unavuka mpaka kwenda na kurudi. Na pale Baudette mjini kuna daraja la kwenda Ontario, dereva awe macho asilipande. Tembea na karatasi zako halisi, maana askari wa mpaka wapo eneo lile. Kabla ya kuthibitisha kuja, mpigie wakili wako umweleze mahali unapokwenda. Akisema usije, usije, samaki wako nitakuletea Fargo.

Wenye kadi ya kijani wanaotaka siku nyingine kuvuka Kanada: kadi pamoja na pasipoti halali ya nchi yako, vyote viwili.

Bin_Mtwara

Mkuu, mimi nimezaliwa kwenye ngalawa, mshipi naujua. Nielekeze mitambo tu. Tunavua na nini huko?

Mrambazaji

Bin Mtwara, kurambaza unakujua, hutapata tabu. Tofauti ni udogo wa vitu na ulaini wa kuuma.

Zana ya kwanza ni ya nyungunyungu. Kuna kibati kidogo kinachozunguka, shanga chache, halafu ndoano mbili zinazofuatana. Nyungunyungu anatungwa mzima, kichwa kwenye ya kwanza, mwili kwenye ya pili, anyooke. Ukimtunga akiwa amejikunja, zana yote inajisokota na mshipi unaharibika. Mbele unaweka chubwi ya kutosha kugusa tope mara moja moja bila kuburuzika. Mwendo ni kama maili moja kwa saa, na zaidi kidogo. Kibati cha rangi ya dhahabu ndicho ninachoanza nacho kila mara kwenye maji yale, kisha chungwa na waridi.

Zana ya pili ni samaki bandia mwenye ulimi mbele, wa kuvutwa kwa kasi, maili mbili kwa saa na kupita. Huyu ni wa kutafutia. Unazunguka eneo kubwa kwa muda mfupi, ukipata wawili watatu mahali pamoja, unarudi na nyungunyungu taratibu. Watu wengi wanang'ang'ania zana moja siku nzima, mimi naona ufundi uko kwenye kubadilisha.

Ya tatu ni ndoano yenye kichwa cha risasi, unaitunga samaki mdogo aliyegandishwa anayeuzwa madukani kule, unashusha wima na kuinua kidogo kidogo. Hiyo ni ya asubuhi tulivu, tukishalipata kundi.

Wolai hakurupuki na chambo kama kolekole. Anakinywa. Ufito utaona umelemea tu, kana kwamba umeshika jani. Usivute kwa nguvu, uache upinde, kisha inua kwa utulivu. Na usimshike mdomoni, ana meno makali, mwiba wa mgongoni unachoma na mfuniko wa shavu unakata. Tumia wavu wa mkono.

Sheria moja: majira ya maji wazi Minnesota kila mtu ana mshipi mmoja tu. Miwili ni kwenye barafu.

Nesi_StCloud

Naomba niseme ya afya. Mwisho wa Agosti ziwa lile huota mwani wa kijani-buluu. Mkiona utando mzito wa kijani ufukweni, watoto wasiogelee hapo, na mbwa asinywe. Minofu isafishwe kwa maji ya bomba, si ya ziwa.

La pili ni zebaki. Wolai anakula samaki wenzake, kwa hiyo kadiri anavyokua inaongezeka mwilini mwake. Wajawazito, wanaotarajia ujauzito na watoto wachague wadogo, na wasile mara kwa mara. Ushauri wa Idara ya Afya ya Minnesota upo mtandaoni, mwenye mimba ausome kabla ya safari.

Na watoto wa chini ya miaka 10 sheria inataka wavae jaketi la kujiokolea muda wote boti ikitembea. Mimi nasema wavae na watu wazima. Maji yale Agosti yanadanganya, na wengi wetu hatukujifunza kuogelea.

Mrambazaji

Dada Nesi, nashukuru mno. Kwenye boti yoyote ya safari hii kila mtu atavaa, mkubwa kwa mdogo. Asiyetaka kuvaa abaki nchi kavu.

Bin_Mtwara

Nimesoma kanuni za ziwa hilo na zimenishangaza. Wolai wa inchi 19 na nusu mpaka 28 anarudishwa majini? Huyo si ndiye samaki mwenyewe! Ninyanyue samaki wa inchi 24 kutoka pima tano, nimwachie, halafu nirudi na vidogo? Kwetu samaki mkubwa ni riziki, hairudishwi.

Kisumu_Damu

Hata mimi hiyo imenikwama. Ziwa letu ni kinyume. Mbuta (sangara) mdogo ndiye anakatazwa.

Mrambazaji

Hapa nitachukua nafasi, nivumilieni.

Kwanza kanuni ilivyo, ili wote tuwe sawa. Kwa miaka ya karibuni, upande wa Minnesota wa Lake of the Woods mtu mmoja anachukua jumla ya sita, wolai na binamu yake mdogo soga kwa pamoja, na kati ya hao wolai wasizidi wanne. Wolai wa inchi 19.5 hadi 28 anarudishwa papo hapo. Mmoja tu wa zaidi ya 28 unaweza kumchukua. Kanuni huguswa kila mwaka, kwa hiyo tutaifungua tena wiki ya safari.

Kisumu, umesema kweli kwamba ni kinyume. Ziwa Victoria sangara wa chini ya sentimita 50 hairuhusiwi, na inchi 19 na nusu ni karibu sentimita hizo hizo. Kule wanamlinda mtoto afikie kuzaa. Huku wanamlinda mama anayezaa sasa. Wolai jike wa baridi hii anakua polepole, anachukua miaka mingi kufika inchi 24, na akifika anataga mayai kwa mamia ya maelfu kila masika. Wa inchi 16 mwenye minofu mizuri ya kukaanga wako wengi. Mama wa inchi 24 ni wachache, na ndio wanaolijaza ziwa.

Bin Mtwara, kaka, tukitoka Blackduck kwa barabara namba 72 tutapita Waskish, kando ya Upper Red Lake. Nitasimamisha gari mkaone. Ziwa lile lilikuwa na wolai hata watu wakadhani hawaishi. Walivuliwa kupita kiasi, na miaka ya 1990 wakaporomoka, hawakupatikana. Mwaka 1999 kabila la Waojibwe wa Red Lake, jimbo na serikali kuu walikubaliana kulifunga. Walipanda vifaranga kwa mamilioni, wakangoja. Lilifunguliwa 2006. Familia zilizoishi kwa samaki wale zilikaa miaka kadhaa bila kuvua wolai wao. Leo samaki wamerudi, na sehemu iliyo ndani ya ardhi ya kabila bado ni yao peke yao, sisi hatuigusi. Mimi nikiachia samaki wa inchi 24 nayakumbuka yale maji, na moyo wangu unatulia.

Na tukishapata kiasi chetu kilindini, tuache. Samaki anayevutwa kutoka zaidi ya futi 30 tumbo lake la hewa linavimba, wengine hufa hata ukiwarudisha vizuri. Kuendelea kuvua na kuachia kwa ajili ya kujifurahisha pale ni kuua. Tutahamia maji mafupi au tutarudi kupika.

Bin_Mtwara

Nimeelewa, na hasa hiyo ya Red Lake sikuwahi kuisikia. Nitarudisha. Ila picha nipigwe naye kwanza.

Mrambazaji

Picha ya haraka, akiwa amelowa, mkono chini ya tumbo, kisha majini. Kipimio nitakifunga kwenye ukingo wa boti.

MamaZawadi

Na mimi nije kwenye jiko. Nyumba tutakayopanga iwe na jiko la nje, mafuta ya kukaangia yasinukishe vitanda. Wolai ana nyama nyeupe, tamu, haina shombo, haitaki vitu vingi: limau, chumvi, pilipili manga, unaipitisha kwenye unga wa sembe, mafuta moto, dakika chache. Ugali na kachumbari pembeni. Mashavu msiyatupe! Watu wanaacha kichwa kizima na ile nyama ya shavuni ndiyo bora kuliko yote. Kuna atakayebeba mwiko mkubwa?

Bukavu_Kwetu

Mwiko nitaleta mie, na sombe (kisamvu) ya kuliwa usiku wa kwanza. Wakili ameniambia niende, nisivuke tu. Asiye na boti anaweza kuvua kando?

Mrambazaji

Habari njema hiyo! Kando, kwa ukweli, wolai mwisho wa Agosti ni wa bahati. Lakini gatini mtoni watoto watapata samaki wengine, na Zippel Bay kuna hifadhi ya jimbo yenye ufuko mrefu wa mchanga na mahali pa mahema. Pia Baudette kuna sanamu ya wolai yenye urefu wa futi 40, watoto wote watataka kupigwa picha hapo.

Mambo madogo yaliyobaki. Usikate minofu ukiwa bado ziwani, samaki afike nchi kavu mzima aweze kupimwa. Minofu ya kurudi nayo nyumbani ibaki na kipande cha ngozi chenye magamba, inchi moja, ili askari wa maliasili amtambue ni samaki gani. Mwenye boti yake, ukitoka majini fungua kizibo, mwaga maji yote, ng'oa majani, safiri kizibo kikiwa wazi. Kome wadogo wavamizi wanasafiri kwa njia hiyo. Na vijana watakaoshika usukani waangalie sheria ya cheti cha kuendesha boti iliyoanza Julai 2025, umri unaohusika unapanda mwaka hadi mwaka.

Nguo: mchana utavaa fulana, alfajiri ziwani utataka sweta na koti la mvua juu yake.

Kuondoka ni Alhamisi saa kumi alfajiri, tunakutana Brooklyn Park, kando ya Minneapolis. Mafuta tunajaza Blackduck, kwa sababu kutoka Waskish kwenda juu ni kinamasi kitupu na vituo ni vichache. Nahodha ni Ijumaa, Jumamosi ni ya ziada au ya boti zetu. Upepo ukizidi maili 15 kwa saa, boti ndogo hazitoki nje ya mdomo wa mto, na hilo halitapigiwa kura.

Anayekuja aandike hapa idadi ya watu, umri wa watoto, na kama ana jaketi. Nyumba nitaiwekea arubuni Jumapili hii.

MamaZawadi

Wanne. Watoto wawili, miaka 7 na 11. Majaketi yapo matatu, tunahitaji moja la mtu mzima.

Kisumu_Damu

Mmoja. Jaketi niko nalo, la ziada pia liko, mama asinunue.

Bukavu_Kwetu

Wawili, mimi na kaka yangu. Tutaingia Brooklyn Park Jumatano usiku. Majaketi tunanunua wiki hii.